Kofia Mbili kwenye Kamba ya Daktari

Jumatatu, 7 Oktoba

Laurent, una roho ya jiwe. Tangu tulipovuna maharage hujatia mguu hapa. Kasulu na Kibondo ni mbali kiasi gani? Basi la asubuhi linafika uji haujapoa! Wewe unapiga simu tu, unauliza kama nimekula. Nimekula. Njoo uone nilichokula. Mjukuu gani huyu, mume gani huyu, anayemwacha mke wake wa kwanza azungumze na kuku?

Daftari hili ni la siri. Najua unalisoma kila ukija. Unangoja nisinzie, unalivuta chini ya godoro. Soma. Ila usinicheke mwandiko. Mimi sikukaa darasani hata siku moja, herufi nilizitoa kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani. Ukiona maneno yanapanda na kushuka, ujue yanaimba.

Sasa habari. Jirani yetu, Daktari Lusajo, yule kijana wa Tukuyu aliyehamishiwa huku na serikali, ameng'oa uzio wa minyaa. Wote! Ule uliopandwa na babu yako. Ule wenye tundu langu la kupitia, lililochongwa na makalio yangu mwenyewe kwa miaka. Nilitoka mbio na mwiko mkononi. Nikamwambia daktari, minyaa ina maziwa yanayopofusha, usiiguse. Akasema asante bibi, ndiyo maana naitoa, nina mtoto mchanga ndani.

Ana mtoto mchanga ndani!

Mkewe, Asnath, amejifungua na mimi sina habari. Mimi! Ni mtoto gani amezaliwa mteremko huu wa Kitahana nisimbebe? Kumbe alipelekwa Mwanza, wakarudi na gari giza limeingia, wakajifungia. Nikasema kesho naleta uji. Akaniamkia kwa adabu, akasema bibi, tusubiri kidogo, kwanza nimalize uzio.

Uzio kwanza, watu baadaye. Sijawahi kusikia.

Jumanne, 8 Oktoba

Gari limekuja kutoka Kasulu limejaa mbao. Nikasema afadhali, mbao naijua. Nikasogea, nikaipiga konzi. Ikalia kama dumu tupu.

Fundi anaitwa Kipriani. Kijana mrefu, masikio makubwa, heshima tele. Nikamuuliza huu ni mti gani. Akasema si mti, bibi, ni unga wa mbao umechanganywa na plastiki, ukapikwa, ukasukumwa kwenye mashine kama tambi. Nikamuuliza plastiki ya nini, ya ndoo au ya kandambili? Hakujua. Akasema haiozi, haipakwi rangi, hailiwi na mchwa. Nikamuuliza mchwa wameambiwa?

Nimeomba kipande kilichokatwa. Nimekinusa. Nimekiuma, kimekataa jino, na meno ninayo machache. Nimekiloweka kwenye ndoo toka asubuhi mpaka jioni, kimetoka kama kilivyoingia. Nimechoma kona yake jikoni. Harufu ya kandambili. Basi ni ya kandambili. Kilichobaki nimekifukia kwenye kichuguu nyuma ya choo, tuone nani muongo, Kipriani au mchwa.

Kazi yenyewe nimeitazama mpaka shingo ikauma. Wanasimika nguzo za alumini zenye mfereji kila upande, wanamwagia zege miguuni. Kisha mbao inadondoshwa kutoka juu, inateleza ndani ya mfereji mpaka chini, nyingine juu yake, nyingine juu yake. Hakuna msumari! Na ncha za mbao hazigusi nguzo, anaacha nafasi kidogo, maana jua likiwaka mbao inavimba. Nimeupenda uzio huo. Unajiachia nafasi ya kupumua kuliko mwenyewe aliyeununua.

Jioni amekuja Niyonsaba, yule mzee mwenzangu wa maziwa, ambaye wazazi wake walikuja na vita ya Burundi naye akabaki kuwa wetu. Anapeleka maziwa getini kwa daktari kila siku. Anasema Asnath hatoki. Anapokea maziwa kwa mkono tu, mkono mwembamba. Amemsikia akilia na mama yake kwenye simu. Daktari amemwambia mtoto akipata nguvu atawarudisha wote wawili Tukuyu, kwa sababu hapa hawana watu.

Hawana watu! Mimi ni nini, mbuzi?

Wewe umekulia mjini, hujui, ngoja nikwambie. Kwetu mwanamke akijifungua anahembwa. Unampelekea uji, unampelekea kinywaji, unakaa, unambeba mtoto, unamwambia ana pua ya baba yake hata kama hana. Hapo ndipo amezaa kweli. Huyu akiondoka bila kuhembwa, atafika kwao aseme nini? Aseme Kibondo kuna baridi na ukuta. Na hatarudi. Na yule mtoto hatatujua milele.

Haiwezekani. Nitaingia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Hila ya kwanza. Nimepika ugali, maharage na dagaa, nikasema nampelekea fundi chakula. Fundi yuko ndani ya uwanja, na mimi nitaingia na sahani. Kichwa changu bado kina makali!

Daktari akanikuta getini. Akaipokea sahani kwa mikono miwili, akaniinamia, akanishukuru sana. Sahani imeingia, mimi nimebaki.

Mchana Kipriani amehamia upande wangu. Pale panapotazama jiko langu daktari hakutaka mbao nzima, eti upepo utakosa njia. Akaagiza pazia la mbao. Si pazia la kitambaa, ni fremu ya mbao nyembamba zilizolala upande kama luva za dirisha. Kipriani akasema upepo unapita, jicho halipiti. Nikamuuliza mbao inajuaje huu ni upepo na hili ni jicho? Akaanza kunieleza. Akaliinua pazia, akaligeuza hivi, akaniambia mtu akisimama huku anaona mbao tupu. Nikamuuliza na akiwa mrefu? Akaligeuza vile. Na akiwa mbuzi? Akaligeuza tena. Na akiwa mtoto amebebwa mgongoni? Jasho likamtoka. Wingu likaguruma upande wa Busunzu, daktari akapaza sauti ndani kwamba mvua inakuja, maskini kijana akalikamata pazia lilivyokuwa, akalifunga skrubu, akakimbia na drili yake.

Nikasimama mbele yake. Kahawia tupu. Nikasimama kwa vidole. Kahawia. Nikatazama kwa jicho moja, nikatazama kwa pembeni. Kahawia, kahawia. Nikasema basi, nimekwisha.

Mvua ikapita pembeni. Nikavuta kigoda changu nichambue mchele. Nikainua macho.

Mama yangu!

Kutoka kigodani naona! Mbao zimeinama kunielekea mimi, zinalipeleka jicho juu. Simwoni mtu, sioni mlango. Naona mbingu, naona kichwa cha mpapai, na naona kamba ya nguo. Kamba yote, mwanzo mpaka mwisho!

Ni kazi ya Mungu. Mimi nilikuwa nachambua mchele tu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nguo haijui kudanganya. Mtu atakwambia hajambo, nguo zake zitakwambia alivyo.

Asubuhi nimeona mashati ya daktari, yamenyooka kama yamepigwa pasi hata kabla hayajakauka. Chupi za daktari, hizo nimezipita haraka. Khanga mbili tu, rangi zimekufa. Khanga mbili kwa mzazi! Nikatikisa kichwa. Kisha nepi, nepi, nepi.

Kisha kofia.

Ndogo, ya njano, ina masikio kama ya sungura. Na pembeni yake nyingine. Ndogo, ya njano, masikio ya sungura.

Nikaweka ungo chini. Nikatazama tena. Vikoti viwili vyeupe, vinafanana kama macho. Soksi, nyeupe nyeupe, kijani kijani.

Laurent, katika maisha yangu yote sijaona mtoto mmoja mwenye kofia mbili za kufanana. Mama yako, Herieth, kofia yake ilikuwa soksi ya babu yako. Mjomba wako alirithi soksi hiyo hiyo. Nani anamvika mtoto mmoja kofia mbili? Ana vichwa viwili?

Ni MAPACHA.

Nimekaa pale mpaka kuku wamekula mchele wote. Mapacha! Tangu wale wa Bazilio, ambao sasa wana ndevu, mteremko huu haujapata wa kuitwa Bukuru na Butoyi, pacha wa kwanza na wa pili. Na wamefichwa nyuma ya mbao za kandambili kama maharage ya magendo! Sasa nimeelewa kwa nini. Baba ni mgeni, ameona wawili, ameogopa. Hajui kwamba kwetu mapacha huchezewa ngoma. Huimbiwa zile nyimbo, zile zenye matusi, na wazazi hutukanwa mpaka wacheke. Kila kitu hupelekwa viwili. Uji vibuyu viwili. Kuku wawili, rangi moja, mmoja asije akaona mwenzake amependelewa. Na mimi nilitaka kwenda na kibuyu kimoja! Mungu kaniokoa na aibu.

Nimemwambia Niyonsaba. Kidumu kikamponyoka. Nikamuuliza kule getini husikia vilio vingapi. Akasema kimoja, ila kirefu. Unaona? Wanapokezana.

Tatizo ni Odilia. Yule wa bati jekundu, kiongozi wa kwaya, aliyeninyang'anya kuongoza nyimbo kwenye harusi ya Sylvesta eti sauti yangu imeingia kutu. Kasikia (Niyonsaba na maziwa yake, yanamwagika na maneno pia). Akaja mpaka mlangoni kwangu, mikono kiunoni, akasema, "Mama Herieth, mapacha gani? Mimi tumbo la Asnath nililiona kabla hajaenda Mwanza. Dogo kama bakuli."

Nikamuuliza tumbo alilisoma kwa jicho gani.

Akaniuliza na mimi kofia niliziona kwa jicho gani.

Nikakumbuka nimeacha maharage motoni.

Jumapili, 13 Oktoba

Mchwa wametoa jibu. Nimefukua. Kipande hawajakila, ila wamejenga juu yake. Wamekifanya sakafu! Kipriani hakudanganya, lakini na mchwa hawakushindwa. Nimekirudisha, nione kama watapandisha ghorofa.

Mambo ya kuku sasa. Ninaye jike mmoja mweupe. Nahitaji wa pili, mweupe vile vile. Nimezunguka. Kuna wekundu, kuna madoa, kuna kishingo. Mweupe yuko mmoja tu mteremko mzima, na ni wa Odilia.

Nimekwenda. Nimekwenda na ndizi. Nikamsifia kwaya. Nikamsifia bati. Nikamsifia mpaka mwanawe yule mvivu, Mungu anisamehe. Odilia akala ndizi zote, akajifuta mdomo, akasema kuku atatoa, ila atambeba yeye mwenyewe, na atakayetangulia kuingia getini ni yeye, na wimbo wa kwanza ataanzisha yeye. Nikamuuliza, si ulisema mtoto ni mmoja? Akasema tumbo linaweza kudanganya, ila kama ni mapacha basi hawawezi kuimbiwa na kutu.

Nimemeza. Nimemeza na mate yakawa machungu. Lakini nimemkumbuka yule binti na mkono wake mwembamba getini. Ataingia Odilia kwanza, sawa. Mradi mlango ufunguke.

Kesho ni Siku ya Nyerere, hakuna kazi, daktari yupo nyumbani. Vibuyu viwili vya uji wa ulezi tayari. Watoto wale watapokelewa kama watoto wa watu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulijipanga barabarani, wanawake wa huku juu wote, na wawili wa kutoka kule Busunzu waliokuwa wamekuja sokoni wakaamua kwamba mapacha ni mapacha. Niyonsaba na dumu lake la kupiga. Mimi na kuku wangu na vibuyu vyote viwili. Odilia mbele na kuku wake, shingo juu kama twiga.

Tukafika kwenye geti. Uzio unang'aa, kahawia, mrefu. Odilia akafungua mdomo kuanzisha. Akakohoa vumbi. Mimi nikaanzisha! Sauti ikatoka, Laurent, kutu yote ikadondoka! Wimbo wa kwanza unamtukana baba, sehemu zake, kwa upendo. Wa pili unamtukana mama. Wa tatu siwezi kuuandika, daftari hili linalala karibu na Biblia. Tulikuwa katikati ya wa tatu, wanawake wamekata viuno mpaka chini, Niyonsaba anaua dumu, geti likafunguka.

Daktari Lusajo. Nyuma yake mchungaji. Nyuma ya mchungaji, mke wa mchungaji. Walikuwa barazani wanamwombea mtoto aliyelala ndani na mama yake.

Dumu lilinyamaza la mwisho.

Daktari akauliza kwa upole kuna nini. Nikamwambia tumekuja kuwapokea mapacha. Akauliza mapacha wa nani. Nikamwambia wako, baba, usiogope, ni baraka. Akasema bibi, mtoto wangu ni mmoja.

Nikahisi macho ya Odilia kwenye shavu langu kama pasi.

Nikasema hapana, ni wawili, nimeona kofia. Mdomo huu! Daktari akauliza umeziona wapi. Nikasema kwenye kamba. Akauliza kamba iliyo ndani ya uzio huu? Hapo ndipo nikaanza kumtazama kuku wangu kama ana homa.

Akaja. Akapita kwangu, wote nyuma yake, mpaka jikoni. Akasimama mbele ya pazia la mbao. Akaona kahawia. Akanitazama. Akakitazama kigoda. Akaketi, suruali yake nzuri ile, magoti yakamfika masikioni. Akainua macho.

Kisha akasema taratibu kwamba anaziona chupi zake.

Mchungaji akainama naye atazame. Mke wa mchungaji akainama. Odilia akawasukuma wote.

Ndipo tukasikia kicheko. Si chetu. Kilitoka nyuma ya pazia. Asnath alikuwa upande wa pili, chini ya kamba, mtoto kifuani, anacheka mpaka ameshika nguzo. Akasema alikuwa amelala, akasikia wimbo wa tatu, akadhani anaota yuko kwenye harusi kwao, akaamka. Akasema toka mtoto azaliwe hajacheka. Halafu kicheko kikageuka kuwa kile kingine, unakijua, machozi yakaja juu yake. Akasema kwa sauti, upande wa pili wa mbao, "Mume wangu, waache waingie. Nimechoka kuongea na simu."

Daktari akabaki kigodani. Akatueleza. Mtoto alizaliwa kabla ya mwezi wake. Mdogo, angelala kwenye kiganja. Anasema kazini amewaona wa aina hiyo wakiondoka kwa kikohozi cha mtu mmoja aliyekuja kusalimia. Hakuwa na dawa nyingine, alikuwa na umbali tu. Basi akaununua umbali, akaletewa na gari. Ni mtoto wa mtu na yeye.

Nikamwambia ungesema! Mbao zote hizi badala ya neno moja!

Tumeingia. Si wote, ni wawili wawili, tena kwa zamu. Tumenawa mikono kwa sabuni mpaka vidole vimekunjamana. Odilia alitangulia kuingia, kama tulivyokubaliana. Lakini daktari alisikia kikohozi chake cha vumbi, akamketisha kwenye baraza, mbali. Mtoto amewekwa mikononi mwangu mimi! Mwepesi kama mkate. Anaitwa Ambakisye, jina refu kuliko yeye. Nilimwambia mama yake ana pua ya baba. Hana pua bado.

Kichwani amevaa kofia ya njano yenye masikio. Nikashtuka. Zile mbili ziko kwenye kamba, hii ya tatu imetoka wapi? Asnath akasema huuzwa pakiti moja kofia tatu, moja anavaa, mbili zinafuliwa. Nikatikisa kichwa kama nimeelewa.

Ule uji ameunywa vibuyu vyote viwili. Peke yake! Akaomba arudiwe wimbo wa tatu, mumewe akasema hapana, mchungaji bado yupo.

Na Tukuyu haendi. Amesema mbele yetu wote: mama yake ndiye atakayekuja huku, yeye watu anao.

Nimerudi nyumbani miguu haigusi chini. Odilia akanifuata akasema alijua toka mwanzo ni mmoja, na anataka kuku wake. Nikamwambia zawadi ya mzazi hairudishwi. Akasema basi atadai kwangu. Adai.

Jumatano, 16 Oktoba

Kipriani amerudi kutoka Kasulu kuligeuza pazia. Ametaka kufa kwa aibu. Daktari alimuuliza ilikuwaje, kijana akanitazama, akasema mvua. Ana utu. Nimempa mhogo wa kuchemsha.

Nimemtazama akifungua skrubu, akipindua fremu, kichwa chini miguu juu. Sasa mbao zimeinama kule ndani. Nimekaa kigodani. Kahawia. Nimesimama. Kahawia. Nimemuuliza na mtu akiwa juu zaidi? Kijana akafunga begi lake haraka, akaaga.

Ila daktari si mtu mbaya. Pale palipokuwa na tundu langu amemwagiza Kipriani atoe mbao za nguzo mbili, aweke mlango mdogo wa mbao zile zile, una komeo upande wake na kengele upande wangu. Saa za jioni napiga kengele, nanawa, naingia, naletewa Ambakisye, nambeba, anapelekwa kulala. Mlango wangu mwenyewe! Odilia hana mlango.

Leo nimemnunulia mtoto viatu. Vyekundu, vya sufu, kwa Shamsia wa sokoni. Niyonsaba aliniuliza nimevitoa wapi, nikamwambia. Odilia naye nimemwona anatoka kwa Shamsia na mfuko, ameukumbatia kifuani, hataki kusema una nini. Kila mtu na siri zake.

Jumamosi, 19 Oktoba

Laurent, sikiliza vizuri. Kaa chini kwanza.

Asubuhi nilipanda kwenye kichanja cha vyombo. Usiniulize kwa nini, nilikuwa naanika sufuria. Kichanja ni kirefu, mimi juu yake ni mrefu. Nikageuka hivi tu, jicho likaangukia kwenye pazia la mbao. Kahawia haipo! Kutoka juu mbao zinalishusha jicho mpaka chini. Sioni kamba tena, sioni mpapai. Naona sakafu. Naona kizingiti cha mlango wa nyuma, pale jua linapopiga.

Na pale kwenye jua vimeanikwa viatu. Vyekundu. Vya sufu. Jozi TATU.

Jozi moja ni yangu, naikubali, niliileta kwa mkono wangu. Na hizo mbili nyingine ni za nani?

Sikutaka kuharakisha. Nilishaaibika mara moja, mimi si mtoto. Nikashuka, nikanywa uji, nikafikiri. Kofia: mbili kwenye kamba, moja kichwani. Tatu. Viatu: tatu. Na Kipriani aliniambia uzio ule una mbao nyingi kuliko za mtu wa kawaida. Kwa nini mtu mwenye mtoto mmoja anunue uzio mrefu hivyo?

Utasema bibi, si umembeba mwenyewe, ni mmoja? Nimembeba, ndiyo. Mlango ninao, ndiyo. Lakini mlango unakuonyesha unachoonyeshwa. Kila nikienda naletewa mmoja. Nani kasema ni yule yule? Jumatano alikuwa analia, Alhamisi alikuwa anacheka, jana alikuwa na chunusi!

Niyonsaba nimemwambia. Akafungua mdomo, akafumba, akasema ana jambo la kunieleza kuhusu vile viatu. Nikamwambia nyamaza kwanza, Odilia asisikie. Safari hii sitaki ngoma mpaka tuwe na kila kitu tayari. Nyimbo za watatu sizijui, lakini ile ya tatu itatosha, tutaiimba mara tatu.

Kwa hiyo, mume wangu, ukija safari hii usije mikono mitupu kama kawaida yako. Njoo na kuku watatu weupe, weupe kabisa, bila hata unyoya wa rangi. Odilia akikuuliza njiani, hakuna wa kwake hata mmoja. Pitia nyuma ya choo, usikanyage kichuguu, mchwa wako kazini. Kichanja kimelegea mguu mmoja, kwa hiyo ukifika kabla hujanisalimia kishike kwa mikono miwili, nitakuwa juu.